Tochi ya Kona ya Kushoto

Jumatatu, 4 Oktoba 1954

Mvua. Paa la ukumbi linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kiti cha tatu safu ya sita, nami nimeweka ndoo ileile. Leo imethibitishwa: tarehe 15 Novemba, jengo letu litakapotimiza miaka mia moja na sabini, tutaurudisha jukwaani mchezo wa *Arusi ya Mlango wa Nyuma*, uleule uliolifungua mwaka 1784. Wenzangu walipiga makofi. Mimi nilikwenda stoo nikakitoa kitabu.

Kitabu hicho ndicho maisha yangu, sifichi. Kiliandikwa kwa mkono na mkumbushaji wa kwanza wa ukumbi wetu huu wa Mtaa wa Kengele, na kila aliyemfuata ameacha lake humo: penseli nyekundu ya 1831, vipande vya karatasi vilivyogandishwa kwa gundi mwaka 1872 na meneja aliyekuwa pia mzee wa kanisa, vidokezo vya 1907, na vya 1926 ambavyo sipendi kuvitazama. Kila mara mchezo uliporudishwa, watu walikata kilichowaudhi na kuongeza kilichowachekesha. Sasa ni zamu yangu. Kwa miaka ishirini na minane nimekalia kigoda cha kona ya kushoto, nyuma ya pazia, nikifuata maneno kwa kidole na kumnong'oneza anayesahau. Sijawahi kumwacha mtu azame.

Jumanne, 5 Oktoba

Mwongozaji wetu ni Bwana Julian Peverell, wa London, miaka ishirini na tisa, skafu ya njano ndani ya nyumba. Amegawa nafasi. Desmond Fairlie atakuwa Charles, yule mpwa mwenye tamaa. Maureen Tasker atakuwa mtumishi. Na Olive Tranter, mwenye miaka sitini na tisa, atakuwa Bibi Mumford, shangazi kiziwi ambaye kila mtu anapanga hila za kumnyang'anya nyumba mbele ya uso wake, huku wakimtabasamia, kwa kuwa hasikii.

Mwaka 1907 Olive alikuwa bibi arusi katika mchezo huuhuu. Mwaka 1926 alikuwa mjane, na mimi nilikuwa mtumishi, na katika tendo la pili maneno yalinitoka kichwani yote. Olive aliyasema yeye, kwa sauti ya kunigombeza, ukumbi ukaangua kicheko. Kicheko changu. Sijapanda jukwaani tena, na salamu zetu tangu siku hiyo ni za juu juu.

Jumatatu, 11 Oktoba

Kituko. Tulifika mwisho wa tendo la tano, Olive akafungua kinywa kusema sentensi ya mwisho ya mchezo, ambayo ni ya shangazi, na kama kawaida akasema, "Na kadhalika, na kadhalika, pazia."

"Samahani, Bi Olive," Julian akasema. "Isome, tafadhali."

Maureen akaacha kutafuna biskuti.

"Haisomwi, mpenzi wangu," Olive akasema. "Haisemwi mpaka watazamaji wawe kwenye viti."

"Huu ni mwaka 1954!"

"Ndiyo," Desmond akasema akivaa koti, "na mimi nina mke na watoto. Ukiisema wewe, utabaki nayo peke yako humu ndani."

Wakaondoka wote. Julian akanigeukia. "Na wewe, Bi Winifred, unaamini upuuzi huu?"

"Mchezo ukimalizwa bila watu umekwisha, bwana. Utawaonyesha nini tena siku ya kwanza?"

Aliniangalia kwa huruma, ile ya kumwangalia bibi anayeongea na paka. Sijali.

Jumatano, 13 Oktoba

Olive amekosa zamu yake mara nne. Ananing'inia pale, mkono hewani, anatabasamu. Nilimnong'oneza. Hakuchukua. Nikapaza. Hakuchukua. Mara ya nne nilikaribia kupiga kelele, Desmond akacheka. Kiburi kitupu! Anaona aibu kupokea neno kutoka kwangu, bora azame.

Baadaye Julian alikuja kwenye kona. "Anasahau," alisema. "Nampa mpaka Jumamosi ya tarehe sita Novemba. Akiendelea hivi nitapiga simu London, kuna mama mmoja anaijua nafasi hiyo na yuko huru."

Nilipaswa kufurahi. Nilikwenda nyumbani nikala samaki wa moshi bila hamu.

Alhamisi, 14 Oktoba

Ukungu. Amekosa mara tatu.

Jumanne, 19 Oktoba

Nimekwenda kwake, Mtaa wa Mnara, kumwambia ukweli wake usoni: apokee maneno yangu ama apoteze kazi. Nilibisha mlango wa chumba mpaka vifundo vikaniuma. Mwenye nyumba alipanda ngazi akiguna. "Ingia tu, dada. Huyo habishiwi hodi siku hizi."

Niliingia. Birika lilikuwa kwenye jiko la gesi, lile la kupiga filimbi, na lilikuwa linapiga filimbi ya kutoboa masikio, chumba kizima mvuke. Olive alikuwa amekaa hatua mbili kutoka pale, mgongo kwa jiko, anasoma gazeti. Akageuza ukurasa.

Nilizima gesi. Nadhani aliona kivuli changu, maana aligeuka, akaniona, akaliona birika, akaona mkono wangu juu ya kitasa cha jiko. Hakujaribu kudanganya.

"Kaa hapa mbele, Winnie," alisema, "kwenye mwanga. Sema ukinitazama."

Sikio la kushoto lilikufa wakati wa vita. La kulia limekuwa likilifuata, na tangu mafua ya mwezi wa pili hakuna kitu kabisa. Anasoma midomo. Desmond akimgeuzia mgongo, amekwisha. Na mimi, katika kona yangu yenye giza, nilikuwa naunong'oneza ukuta.

"Maneno si shida," alisema. "Mchezo mzima ninao kichwani, wa kila mtu, tangu 1907. Shida ni kicheko. Wewe unajua. Wakicheka unangoja, kinapoanza kushuka unaingia. Ukiingia mapema umeua mzaha, ukichelewa wanadhani umesahau. Sasa wako gizani, Winnie. Wanachekea gizani, nami siwaoni midomo."

Nilimuuliza kwa nini hakusema.

"Niseme nini? 'Bwana Julian, nina kiziwi wa kweli hapa wa kuigiza kiziwi wa uongo, una nafasi?'" Alicheka, kisha machozi yakamtoka bila yeye kuyajali. "Nilianza hapa nikiwa na miaka ishirini na miwili. Sina pengine."

Nilikunywa chai yake. Nilipokuwa naondoka niliuliza lile lililokuwa likinikera kwa miaka ishirini na minane: kwa nini aliiba kicheko changu.

Alinitazama kama hakunielewa, nikarudia, taratibu.

"Kuiba? Nilikuwa nakukumbusha, wewe! Nilikupa neno mara mbili mdomoni ulishike. Kona ilikuwa tupu, mkumbushaji alikwenda kuvuta sigara. Ningefanya nini, nikuache pale ukitetemeka?"

Nimerudi kwa miguu, mvua yote kichwani mwangu. Miaka ishirini na minane nimekalia kigoda kile ili kona isiwe tupu tena, na nimemchukia mtu pekee aliyeijaza usiku ule. Nimejionea haya. Basi, haya haimsaidii. Atapanda jukwaani tarehe 15 hata ikibidi nimbebe.

Jumatano, 20 Oktoba

Nimenunua tochi ndogo, ya kuingia mfukoni. Nikikaa pale nilipo, Olive akiwa kwenye kiti cha Bibi Mumford, anaona kona yangu na watazamaji hawaioni. Kumulika mara moja: zamu yako. Kuwaka na kubaki: wanacheka. Kuzimika: sema.

Alhamisi, 21 Oktoba

Tumefanya mazoezi chumbani kwake. Mimi nilikuwa Charles, bibi arusi, mtumishi, tochi, na watazamaji. Kucheka peke yangu kwa saa mbili kumenipa kichomi.

Jumamosi, 23 Oktoba

Jaribio la kweli, onyesho la mchana la ule mchezo wetu wa mauaji wa wiki hii, Olive akiwa mjane wa kasisi mwenye sentensi tisa. Ukumbi nusu, akina mama na trei zao za chai. Sentensi saba zilikwenda kama saa. Ya nane, bwana mmoja safu ya pili alipatwa na kikohozi kirefu, nami nikakidhania kicheko, nikawasha. Olive akangoja. Na kungoja. Mpelelezi akangoja. Maiti ikafungua jicho moja. Ilibidi nijifunze leo tofauti ya kikohozi na kicheko, kitu nilichodhani nakijua.

Jumapili, 24 Oktoba

Siku ya kupumzika, na nimeitumia kwa dhambi niliyoitamani miaka mingi. Ukurasa wa mwisho wa kitabu una kipande cha karatasi cha 1872, kimegandishwa juu ya sentensi ya mwisho. Juu yake imeandikwa baraka: "Mungu awabariki, wanangu, na nyumba hii iwe yenu." Ndiyo iliyochezwa 1872, ndiyo iliyochezwa 1907 na 1926, ndiyo iliyomo kwenye nakala zilizopigwa taipu. Sijawahi kuipenda. Mtu amelaghaiwa kwa matendo matano, halafu anawabariki?

Niliushika ukurasa juu ya mvuke wa birika, nikainua pembe kwa kisu cha siagi, sentimita kwa sentimita. Pembeni kulikuwa na mwandiko wa yule meneja: *Mwanamke wa heshima hasikilizi mambo ya watu. Ibadilishwe.* Na chini yake, wino wa kahawia wa 1784. Kuandika si kutamka, kwa hiyo naandika:

"Nimesikia kila neno, wanangu, tangu mlango ulipofunguliwa. Sasa zimeni mishumaa. Kiziwi wenu ana usingizi."

Hakuwa kiziwi! Mchezo mzima alikuwa anawasikia. Na ukumbi huu haujaisikia sentensi hiyo kwa miaka themanini na miwili.

Jumatatu, 25 Oktoba

Nimemwandikia Olive kwenye mfuko wa mkate, kwa herufi kubwa. Aliusoma mfuko akiwa amefumba mdomo. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Akauchoma mfuko kwenye moto wa jiko, kama ipasavyo.

"Hii," alisema, "nitaisema hata mkinitoa humu kwa jeneza."

Ijumaa, 29 Oktoba

Amekosa mara moja tu wiki hii. Desmond anasema mabega yake ndiyo uzuri wake na hataacha kuyageuza kwa watazamaji. Julian anaandika kwenye daftari dogo.

Ijumaa, 5 Novemba

Naandika haya hata koti sijavua.

Leo ni siku ya mioto, ambapo nchi nzima huwasha mioto na fataki usiku, na wahuni wa Mtaa wa Kengele hawangojei giza. Ilikuwa saa kumi jioni, tendo la nne, lile ambalo Charles anasoma wosia wa shangazi kwa sauti huku shangazi akifuma soksi kando yake. Kila kitu kilikwenda vizuri. Tochi, kimya, tochi. Mara mtu akatupa fataki kwenye uchochoro, chini kabisa ya dirisha la jukwaa. Mlipuko ule! Maureen alipiga ukelele. Desmond alitupa wosia na trei ya divai. Mimi nilianguka kutoka kwenye kigoda. Fundi wa taa alitukana neno ambalo halijawahi kusikika humu tangu vita vya Trafalgar.

Olive aliendelea kufuma. Kijiti kimoja juu, kimoja chini, uso mtulivu, mpaka alipoona trei imeanguka, na hapo ndipo akashtuka, nusu dakika nyuma ya watu wote.

Desmond alidhani ni uigizaji, akasema, "Bravo." Julian hakusema bravo. Alikuwa amesimama katikati ya safu za viti, akimtazama Olive, halafu akanitazama mimi sakafuni, halafu tochi iliyobingirika mpaka kwenye mwanga.

"Dakika kumi za chai," alisema. "Bi Winifred, hapa."

Alinipeleka chumba cha mavazi akafunga mlango. "Tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili."

"Na wewe umejua tangu lini?"

"Wiki mbili na nusu."

"Umenidanganya wiki mbili na nusu! Nina ukumbi wa watu mia sita, meya, magazeti ya Leeds, na nyota wangu hasikii baruti! Ukizimia wewe pale kwenye kona itakuwaje?"

"Sizimii, bwana."

"Hilo si jibu. Kesho ni tarehe sita. Napiga simu London."

Sikulia, ingawa nilitaka. Nilikuwa nimekikumbatia kitabu kama kawaida yangu, nikakifungua ukurasa wa mwisho, nikamwekea mbele ya pua.

"Soma kwanza. Na usitoe sauti, hata kama huamini."

Alianza kusoma akiwa bado amekunja uso. Alisoma mwandiko wa meneja. Alisoma wino wa kahawia. Akarudi juu akasoma tena, na kidole chake kikatulia chini ya maneno *nimesikia kila neno*. Kwa mara ya kwanza nikaona kwamba chini ya ile skafu kuna kijana mwenye akili.

"Yeye anaijua?" aliuliza.

"Anaijua. Yeye, mimi na wewe."

"Na anataka kuisema."

"Anataka kuliko uhai. Mlete yule mama wa London ataisema vizuri, sikatai. Olive ataisema akiwa anajua maana ya kila neno."

Alikaa juu ya kapu la soksi. Nje fataki ziliendelea. Nilidhani anatafuta maneno ya kunifukuza kwa upole.

"Tochi hiyo," alisema mwishowe, "inatumia betri ngapi?"

"Mbili."

"Weka za akiba." Akafungua mlango, akapaza sauti, "Fairlie! Kuanzia leo kila mtu anapozungumza na Bibi Mumford anamtazama usoni. Ndivyo walivyocheza mwaka 1784."

"Na mabega yangu?"

"Mabega yako yatastaafu, Desmond."

Na jambo moja naliandika nisilisahau: hakuijaribu ile sentensi kwa sauti. Hata akiwa peke yake alitembea huku amefumba mdomo.

Jumanne, 9 Novemba

Baridi. Kiti cha Bibi Mumford kimesogezwa hatua moja na nusu kuelekea kona yangu. Julian amesogeza mwenyewe.

Alhamisi, 11 Novemba

Saa tano tulisimama kimya dakika mbili kwa ajili ya waliokufa vitani. Olive alisimama akiutazama uso wangu ajue lini imekwisha.

Jumapili, 14 Novemba

Mazoezi ya mwisho, na mavazi. "Na kadhalika, na kadhalika, pazia." Julian alisema, "Asante, Bi Olive," wala hakuuliza zaidi.

Jumatatu, 15 Novemba

Ukumbi ulijaa hadi roshani ya juu, meya na mkufu wake, makoti yaliyolowa yakitoa harufu ya mbwa. Betri mpya kwenye tochi, betri mbili za akiba mfukoni.

Nilikuwa nimekadiria vicheko kwa mazoezi yetu ya chumbani, ambako mchekaji wa pekee alikuwa mimi. Sikujua. Tendo la kwanza, Desmond alipomwinamia Olive na kusema kwa tabasamu la asali, "Lini utakufa, ewe gunia?" na Olive akajibu, "Asante, mwanangu, vijiko viwili vya sukari," walicheka mpaka kidole changu kikaingia ganzi juu ya swichi. Olive alikoroga chai isiyokuwepo, macho yake kwenye kona, akingoja. Nikazima. Akaingia. Kicheko kingine! Kufika tendo la tatu mwanga wa tochi ulikuwa wa manjano. Niliweka betri za akiba gizani kwa kupapasa. Kufika tendo la tano hizo nazo zilikuwa zinachoka, na madirisha ya duka la Hobson, ninakonunua betri, yalikuwa yamefungwa tangu saa kumi na moja na nusu.

Hakukosa hata zamu moja. Naandika tena: hata moja.

Mwisho. Hila zote zimefichuka, Charles amepiga magoti, kila mmoja anamlaumu mwenzake, mshumaa mmoja mezani. Watu wanacheka Desmond anavyolia. Tochi inawaka, rangi ya chai hafifu. Wananyamaza. Nikazima. Julian alikuwa nyuma yangu, ameshika ncha ya skafu kwa meno.

Olive aliinuka. Mchezo mzima hakuwa ameinuka. Aliweka ufumaji wake chini, akamtazama kila mmoja usoni, bila haraka, kisha akaugeukia ule ukumbi asiousikia.

"Nimesikia kila neno, wanangu, tangu mlango ulipofunguliwa." Akatulia. "Sasa zimeni mishumaa. Kiziwi wenu ana usingizi."

Kimya. Kimya kabisa, nami nilijua kwamba kwake kimya na kelele ni kitu kimoja, naye alikuwa ananitazama mimi, si wao, ajue.

Halafu wakalipuka. Kitu kilianza safu za nyuma kikaja mbele, kicheko na mayowe pamoja, watu wakipiga miguu sakafuni hadi vumbi la pazia likadondoka juu ya kitabu. Nikawasha tochi. Nikaishika kwa mikono miwili. Ikawaka, ikawa nyekundu, ikawa uzi, ikafa. Nikaitikisa, nikaigonga gotini. Imekufa.

Nikauona uso wa Olive ukinyong'onyea. Pazia likashuka mbele yake.

Alikuja kwenye kona akiwa ameshika kofia yake ya lesi mkononi, mzee ghafla. "Ilikuwa fupi," alisema, kwa sauti kubwa mno. "Nimeona. Imezimika mara moja. Hawakuipenda, Winnie?"

Nilimshika uso kwa mikono yangu miwili nikaugeuza kwenye mwanga. Nikamwambia taratibu, ili aone kila herufi:

"Betri ndizo zimeisha. Wao bado."

Alinitazama. Julian akalivuta pazia likafunguka tena.

Jumanne, 16 Novemba

Mvua. Nimenunua betri kumi na mbili.